Nilivyomwombea Msamaha Rubani Asiye na Kosa

Kama juma lililopita jirani yako alifungia samaki gazeti lako kabla hujalisoma, pole. Nakupa kwa ufupi, kisha twende.

Mjukuu wangu Netani, niliyemlea tangu mama yake alipofariki, ni rubani wa shirika dogo la ndege liitwalo Dilio, hapa Nausori, Fiji. Alikwenda kutua kisiwani kwetu Nukuvesi, ambako uwanja unaanzia kwenye minazi na kuishia baharini. Breki ya gurudumu la kulia ikalegea. Ndege ikaja kusimama pua ikichungulia matumbawe, na abiria mmoja akauliza kama hapo ndipo pa kushukia.

Kesho yake akaambiwa airushe tena ndege ile ile. Akakataa. Wenzake wanne wakasema nao hawaigusi. Wote watano wakasimamishwa kazi. Na mimi, Losana, niliyekuwa nikiuza magimbi na samaki wa nazi kwenye geti la wafanyakazi, nikafukuzwa na sufuria zangu, kana kwamba magimbi nayo yamejiunga na chama cha marubani.

Hapo ndipo tulipoachia. Sasa nieleze nilivyoyakoroga mwenyewe, bila kutumwa na mtu.

Netani alikuwa akiamka asubuhi, anapiga pasi shati jeupe la kazi, anabandika vile vyeo vya mabegani, analitundika msumarini, halafu anakaa mkekani kulitazama. Chai inapoa. Mkate unakauka. Ukimwambia kula, anasema ameshiba. Ukimwuliza ameshiba nini, hajibu.

Mimi mtu akinyamaza nyumbani mwangu naumwa kichwa. Nikamwuliza kwa nini hiyo breki haitengenezwi tu, watu wakarudi kazini na mimi nikarudi getini.

Akanieleza polepole, kama anavyowaeleza abiria. Spea haipo, inatoka ng'ambo. Breki ikiwa baridi inashika vizuri. Fundi akiijaribu hapa Nausori kwenye uwanja mrefu, inashika. Lakini ikishapata moto, na uwanja ukawa mfupi kama wetu, inakuwa laini kama muhogo uliopitiliza motoni.

Na mkuu wa marubani amesemaje, nikauliza.

Akacheka kwa pua. Mkuu wa marubani, Kapteni Lepani, alipanda ndege ile mara moja mbele ya ofisi, akaizungusha uwanjani, akashuka akatangaza kwamba ni nzima na vijana wa siku hizi ni waoga. Huyo Lepani ndiye aliyemfundisha Netani kurusha ndege. Alikuwa rubani hasa. Lakini tangu apewe ofisi yenye kiyoyozi, visiwa anaviona kwenye ramani. Bosi akipiga chafya, Lepani ndiye anayetoa leso.

Jumamosi akaja Ranjila. Ranjila ni mmoja wa wale wanne, msichana wa Kihindi wa hapa hapa Nausori, mdomo wake mkali kuliko achari ya mama yake. Wakakaa barazani na Netani, mimi niko jikoni nakuna nazi. Akasema Jumatano kamati ya nidhamu itakaa, na swali litakuwa moja tu: breki ililegea, au Netani alisema uongo? Basi wote watano wawe na neno moja. Hakuna kwenda kwa bosi peke yako. Hakuna kuomba radhi.

"Akiomba radhi mmoja," alisema, "tumekwisha wote."

Nililisikia neno hilo. Naandika hapa ili usinitetee kwa kusema bibi wa watu hakusikia. Nilisikia hadi nikaacha kukuna. Nikasema moyoni, watoto hawa wamesoma mashine, watu hawajawasoma.

Kwa sababu bosi wao, Kiniviliame, au Kini kwa ufupi, ni mtu wa Vunisei. Na watu wa Vunisei ni watani wetu sisi wa Nukuvesi tangu enzi za mababu. Kwetu mtani hanyimwi. Kini akija kwangu akakamata kuku wangu mbele ya macho yangu, nacheka. Mimi nikienda kwake nikaondoka na viatu vya mke wake, mke wake anacheka, ingawa si kwa meno yote.

Basi Jumapili tulipotoka kanisani, Netani akaenda kulala. Nikafungua kasha, nikatoa jino la nyangumi.

Jino lile nililiweka kwa ajili ya kumposea Netani. Kwetu ndivyo ilivyo: ukitaka binti wa watu unapeleka jino, ukitaka kuzika unapeleka jino, ukimkosea mtu unapiga magoti na jino. Likishapokewa kwa mikono miwili, neno limezikwa, na anayelifukua ndiye mwenye aibu. Nikafikiri, kijana mwenyewe haoi, acha jino lifanye kazi nyingine.

Mwanamke hasimami na jino mbele ya wanaume akaanza kuhutubu, kwa hiyo nilimpitia Mzee Vatiliai, jirani yangu, mhubiri mstaafu. Nilimchagua kwa sababu ana sauti nzito. Nilisahau kwamba ina urefu pia. Nikamweleza njiani aseme machache tu: tumekuja kuzima moto, kijana arudi kazini, basi.

Kini tulimkuta kwenye ukumbi wa nyumba yake, amekaa mkekani mbele ya bakuli la yangona, kile kinywaji chetu cha mizizi. Aliyekuwa akichota na kumpa kikombe ni nani? Kapteni Lepani, na shati lake la kanisani.

Kini aliponiona aliuliza makaburini wanatoa ruhusa siku hizi, au nimetoroka. Nikamwambia nimekuja kumpima jeneza, ila mbao za kutosha tumbo lile hazijapatikana Fiji nzima, labda tuagize pamoja na ile spea. Akacheka. Lepani akamtazama kwanza aone kama anacheka, ndipo naye akacheka.

Tukakaa. Vatiliai akapiga magoti, akaliinua jino, akaanza.

Wasomaji wangu, mzee yule alihutubu. Alianzia kwa mababu. Akapita kwenye mitumbwi iliyowaleta. Nilipodhani amefika mwisho ndipo akafika kwa Netani, na kwa desturi yetu msamaha ukiombwa kwa unyonge mdogo hauna ladha, basi akauongeza unyonge kama mtu anayetia chumvi gizani.

"Mtoto amekosa," akasema. "Amemdharau mkubwa wake. Ulimi wake umesema lisilokuwepo."

Nikamfinya mguu. Akadhani namtia moyo. Akaendelea kusema kwamba mtoto ana kiburi, mtoto hajui kitu, mtoto aliogopa bahari akaisingizia ndege.

Kini akainama, akalipokea jino kwa mikono miwili. Lepani akapiga makofi yale mazito ya desturi.

"Nimepokea," Kini akasema. "Limezikwa."

Nikarudi nyumbani nimebeba paja la nguruwe alilonipa, na upepeo wa mke wake ambao hakunipa. Nilifurahi, sikatai. Maneno ya Vatiliai yalinikwaruza kidogo, lakini nikasema maneno ni hewa, mradi mtoto anarudi kazini.

Jumatatu kabla ya mchana Ranjila akatokea mlangoni. Hakuvua viatu. Yule mtoto hajawahi kukanyaga kwangu na viatu, hata siku alipokuja na mguu uliovunjika. Akabaki pale kizingitini.

Akasema, huku akimtazama Netani tu, kwamba asubuhi bosi amewakusanya wafanyakazi wote mbele ya karakana. Amewaambia familia ya Netani imekuja nyumbani kwake kukiri. Breki haikuwa na kitu, kijana aliogopa akasema uongo. Na yeye kama mtu wa desturi amesamehe. Netani kesho anarudi kazini, atarusha ndege ile ile, atakwenda Nukuvesi ile ile. Kamati haina haja ya kukaa tena.

"Na ninyi?" Netani akauliza.

"Sisi tuliunga mkono uongo. Uongo wenyewe umekiriwa. Tumefukuzwa."

Halafu ndipo aliponitazama mimi. Paja la nguruwe lilikuwa jikoni linachemka, na harufu yake ilikuwa nzuri, jambo lililoniudhi sana.

"Bibi," Netani akasema, "ulikwenda?"

"Nilikwenda."

"Na jino?"

"Utakwendaje mikono mitupu?"

"Ukasema nimekosa nini?"

"Mimi sikusema. Alisema Vatiliai."

Hakunifokea. Angenifokea ningejua pa kuanzia kulia. Alikaa chini ya lile shati lake, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayesoma hali ya hewa, kwamba sasa ana njia mbili. Kesho akirusha, amekubali kwamba ni mwongo, na wenzake wanne wamepoteza kazi kwa sababu yake. Asiporusha, amevunja jino nililopeleka mimi, na mimi sitainua uso Nukuvesi mpaka nife, maana watani watatuimbia.

"Na nikirusha," akamalizia, "ikifika kule ikalegea tena, hatabaki wa kuulizwa nani alikuwa mkweli."

Ranjila alisema neno moja tu kabla hajaondoka. "Bibi, kama ungeniambia, ningekukalia mlangoni usitoke." Akaenda zake. Viatu vyake viliacha mchanga, sikuufagia.

Nilikasirika. Nitasema ukweli, nilimkasirikia kila mtu kabla sijajikasirikia mimi. Nilimkasirikia Vatiliai na mababu zake. Nilimkasirikia Netani kwa kutofoka. Nikawakasirikia hata wazungu waliotengeneza breki. Nikajifunga leso kiunoni, nikaenda uwanjani kwa miguu.

Mlinzi wa geti alitaka kunizuia, nikamwambia sikuleta magimbi leo. Nikaingia hadi ofisini kwa Kini. Nikamwambia anirudishie jino.

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa arudishe chakula alichokula jana. Akasema jino si kapu la kuazima. Tena akanikaribisha kiti, akaagiza chai, akawa mpole, na mtani akiwa mpole ndipo pa kumwogopa. Akaniambia hata yeye hana raha. Ndege ikilala, kisiwa kizima kinakaa bila dawa na bila walimu. Ikilala mwezi, serikali inalipa shirika lingine njia ile, na wafanyakazi wote wanakwenda nyumbani, si marubani watano tu. Fundi ameijaribu. Lepani ameijaribu. Sasa kijana mmoja akiamka akisema sitaki, shirika lifungwe?

Nikamwambia kijana huyo mmoja ndiye aliyekuwa ndani.

"Losana," akasema, "sisi tumeshazika. Usifukue. Tena kesho nakupa kiti, uende nyumbani ukawasalimie. Kiti cha mbele kabisa, nyuma ya mjukuu wako. Umwone anavyorudi kazini."

Alipotabasamu nikamwelewa. Alitaka nikae ndani ya ndege ile, mkanda kiunoni, ili mtoto aone haya kuikataa.

Nikanywa chai yake mpaka mwisho. Nikamshukuru. Nikasema nitakwenda.

Netani sikumwambia. Najua unanigombeza huko uliko, unasema bibi huyu hajifunzi. Kweli. Lakini safari hii nilikuwa na shauri langu, na nilijua nikimwambia atakataa.

Jumanne asubuhi nilifika uwanjani kabla ya jua kukaza, nimevaa gauni la kanisani na kofia. Abiria wengine walikuwa watatu: mwalimu mmoja na gunia lake la unga, muuguzi na sanduku la chanjo, na baba mmoja mwenye vifaranga kwenye boksi. Kwenye ndege zetu ndogo kila mtu anapandishwa kwenye mizani na mzigo wake, na karani anasoma kwa sauti, ndiyo maana wanawake wa Nukuvesi hawanywi chai siku ya safari.

Kini alikuwa pale pale anasalimia abiria. Nilipopanda mizani aliwaambia watu kwamba mizani hii ni ya binadamu, huyu kikongwe apelekwe kwenye ile ya nguruwe. Watu wakacheka. Lepani naye alicheka, safari hii bila kungoja.

Nikashuka mizani. Nikamshika Kini mkono, pale mbele za watu.

"Mtani," nikasema, "mimi ni mzee, naogopa kusafiri peke yangu. Njoo ukae nami."

Watu wakashangilia. Mwalimu akasema mtani hanyimwi. Kini akacheka, akasema angependa, lakini ana mkutano Suva.

"Mkutano gani unaomshinda mtani?" nikauliza. "Kwani ndege ina nini?"

Hapo kicheko kikakatika. Muuguzi akageuka kumtazama Kini. Mwalimu akageuka. Baba wa vifaranga alikuwa wa mwisho kugeuka, lakini yeye ndiye aliyemkazia macho zaidi. Habari za wale marubani watano Nausori nzima ilizijua, na kila mmoja pale alikuwa amejiambia si kazi yangu kuuliza.

Shauri langu lilikuwa hilo. Bosi akikataa kupanda, kila mtu ameona. Sihitaji kufukua jino, kajifukulia mwenyewe. Nilikuwa na hakika atakataa.

Kini akapanda mizani.

Karani hakuisoma namba ile kwa sauti. Akanong'ona na Lepani, kisha gunia la unga la mwalimu likatolewa kwenye mizigo ili tumbo la bosi lipate nafasi. Mwalimu akasema shule nzima itakula nini. Akaambiwa litakuja kesho.

Basi nikajikuta natembea kuelekea kwenye ndege, bega kwa bega na mtani wangu, kila mmoja akingoja mwenzake ajikwae. Nikajisemea atageuka kwenye ngazi. Hakugeuka. Nikajisemea simu yake italia. Haikulia. Akanipisha kwa adabu nitangulie, akaingia nyuma yangu, akaketi kando yangu, akafunga mkanda. Na mimi nikafunga wangu, maana ningefanya nini?

Ndege ile ni ya rubani mmoja. Hana chumba wala pazia. Unakaa nyuma yake unaona hadi pindo la shati lake. Kiti chake kilikuwa kitupu.

Nikachungulia dirishani. Kwenye uzio walikuwa wamesimama Ranjila na wale wenzake watatu, hawana bango, hawapigi kelele, wamesimama tu. Na Netani alikuwa anakuja, shati jeupe, kofia kichwani, anatembea kama anakwenda madhabahuni. Aliponiona dirishani, hatua zikamfia. Akamwona na aliyekaa nami. Akasimama pale kwenye saruji, na Lepani akamfuata kutoka ofisini, wakawa wanasemezana. Kioo hakikunipa neno hata moja.

Kini akainama kwangu. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye masharubu.

"Losana," akanong'ona. "Mwambie mjukuu wako akatae."

Nikamwambia sisikii vizuri, masikio ya kikongwe.

"Mwambie akatae. Breki ni mbovu kweli. Fundi aliniambia ikipata moto haifai. Na uwanja wa kwenu ni mfupi. Mwambie akatae sasa hivi, mimi nitamsamehe tena mbele ya watu."

Kumbe alijua. Siku zote zile, bakuli la yangona mbele yake, jino mikononi mwake, Vatiliai akimwaga mababu miguuni pake, mtu alikuwa anajua.

"Utamsamehe nini?" nikauliza.

"Nisaidie, mtani."

"Sauti unayo. Sema mwenyewe."

"Mbele ya abiria hawa?"

Nikamwonyesha kidole sanduku la chanjo, vifaranga, mwalimu aliyekosa unga. Nikamwambia ndiyo, mbele ya abiria hawa, kwa kuwa mbele ya samaki atakaowakuta matumbaweni sauti haitamtoka.

Nikamwona anavyopima, hapa jina lake, hapa roho yake, na mizani ile ilikuwa haitaki kulala upande mmoja.

Mlango wa mbele ukafunguliwa. Mtu akaingia akakaa kiti cha rubani, ndege nzima ikainama kidogo. Moyo ukanitulia. Nikasema sasa nitamshika Netani bega, nitamwambia maneno mawili, tushuke, aibu yangu nitaibeba mwenyewe hadi Nukuvesi kwa boti.

Nikanyoosha mkono. Nikaurudisha.

Shingo iliyokuwa mbele yangu ilikuwa na mikunjo. Nikageuka dirishani. Netani bado alikuwa chini, kofia iko mkononi, anaikimbilia ndege huku akipunga mikono miwili.

Kapteni Lepani akageuka, uso umemng'aa. Akatoa habari kama anayeleta zawadi.

"Bosi, yule kijana amekataa tena. Nimemfukuza hapo hapo. Usiwe na wasiwasi, nitakupeleka mwenyewe."

Injini ya kushoto ikakohoa, ikashika. Kini akanikamata kifundo cha mkono hadi bangili ikaniingia nyamani. Ndipo sauti ikamtoka, nzima, ya kutosha hadi kwa vifaranga.

"Lepani, zima. Breki mbovu. Netani alisema kweli."

Nyuma yetu muuguzi akaita jina la Bwana. Nikamsikia mwalimu akihangaika na mkanda wake.

Lepani hakugeuka tena. Aliwasha injini ya kulia, akangoja mpaka nayo imetulia. Maisha yangu yote ya getini sijawahi kumwona mtu yule akikawia kumtii Kiniviliame. Nilidhani hakusikia.

Alisikia.

"Mimi niliwaambia watu wote kwamba ni nzima," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Kwa neno lako, bosi. Nimewafukuza watoto niliowafundisha mwenyewe. Sasa ukisema ni mbovu, mimi nitakuwa nani?"

Akaachia breki, na tukaanza kwenda.